California na Bajeti ya Swali Moja Moja

Julai 2, 2009, jimbo la California lilianza kulipa madeni yake kwa karatasi. Sio noti, sio hundi ya kawaida. Ilikuwa hati iliyosema, kwa ufupi: tuna deni lako, tutakulipa baadaye pamoja na riba ya asilimia 3.75 kwa mwaka. Waliozipokea ni watu waliokuwa wakingoja kurudishiwa ushuru waliolipa kupita kiasi, wafanyabiashara waliouzia serikali bidhaa, na kaunti zilizotarajia hela za huduma. Benki kadhaa kubwa zikakubali kuzipokea kwa siku chache tu. Baada ya Julai 10, hapana. Fikiria fundi amemaliza kukujengea ukuta, anakuja kuchukua pesa yake, nawe unamkabidhi kikaratasi ulichoandika "nitakutumia." Sasa fikiria wewe ndiye serikali.

Na hatuzungumzii mahali maskini. Kama California ingekuwa nchi, uchumi wake ungekuwa kwenye kumi bora duniani. Hollywood iko huko. Kampuni zilizotengeneza nusu ya vitu vilivyo kwenye simu yako ziko huko.

Lakini kilichonifanya nianze kusoma historia hii ni kilichotokea wiki sita kabla ya zile hati. Mei 19, 2009, wapiga kura wa California waliitwa vituoni kuokoa bajeti ya jimbo lao. Waliwekewa maswali sita. Wakakataa matano. Swali moja tu ndilo walilolikubali, na lilihusu kuwanyima wabunge nyongeza ya mshahara.

Ukimsimulia mchumi hadithi hii, atakwambia: unaona? Mwananchi wa kawaida ukimpa bajeti ataivunja. Anataka barabara, shule na hospitali, na hataki kulipa ushuru. Nilisikia maneno hayo hayo hapa Kenya mwaka wa 2024, yakisemwa na watu waliovaa suti nzuri. Mimi nimeipitia hadithi ya California kutoka mwanzo na siamini hivyo. Wale watu walihesabu vizuri tu. Shida ni kwamba kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa wakipewa bajeti kipande kimoja kimoja, na kila kipande kilikatwa na mtu mwingine.

Mwaka wa 1911, na mlango uliofunguliwa

Mwanzoni mwa karne iliyopita, California ilikuwa na kampuni moja ya reli, Southern Pacific, yenye nguvu kiasi kwamba watu waliona bunge la jimbo ni kama idara yake. Hiram Johnson aligombea ugavana akiahidi kuvunja nguvu hiyo, akashinda, na mwaka wa 1911 katiba ya jimbo ikarekebishwa. Wananchi wakapata silaha tatu. Wangeweza kutunga sheria wenyewe kwa kukusanya saini na kuipeleka kwenye kura. Wangeweza kupinga sheria iliyopitishwa na bunge. Na wangeweza kumfuta kazi kiongozi kabla muda wake haujaisha.

Wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri. Lakini lina tundu. Mtu anayekusanya saini huleta jambo moja: ushuru huu ushuke, fungu lile lilindwe. Hakuna anayelazimika kuleta bajeti nzima na kuonyesha ni nani atakayepunguziwa ili mwingine aongezewe. Kwa miongo mingi tundu hilo halikuuma sana. Liliuma 1978.

Pendekezo la 13

Miaka ya 1970 bei za nyumba California zilipanda kama wazimu, na ushuru wa majengo na ardhi ukapanda nazo. (Usichanganye na kodi unayomtumia mwenye nyumba kila tarehe tano. Huu ni ule ambao mwenye ploti huilipa serikali.) Ushuru huo ulitegemea thamani ya nyumba, si mapato ya aliyemo. Kwa hiyo mzee aliyestaafu, anayeishi kwa pensheni ileile, alipata bili inayokua kila mara nyumba ya jirani ikiuzwa ghali. Aliambiwa ametajirika, ilhali mfukoni hana kitu. Na wakati huohuo, serikali ya jimbo huko Sacramento ilikuwa imekalia mabilioni ya dola za ziada, huku wabunge wakibishana tu kuhusu namna ya kuwapunguzia watu mzigo.

Hasira ile ilikuwa halali. Howard Jarvis, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye mdomo mkali, pamoja na Paul Gann, wakaichukua na kuipa umbo la Pendekezo la 13. Lilisema ushuru wa majengo usizidi asilimia 1 ya thamani. Thamani yenyewe irudishwe ilivyokuwa mwaka wa fedha wa 1975-76, na isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Halafu kukawa na sharti jingine ambalo wengi hawakulitilia maanani: kuanzia hapo, bunge likitaka kuongeza ushuru wa jimbo litahitaji theluthi mbili ya kura katika kila bunge. Bajeti yenyewe tayari ilihitaji theluthi mbili.

Juni 6, 1978, karibu asilimia 65 walisema ndiyo. Gavana kijana, Jerry Brown, alikuwa amelipinga. Liliposhinda, akaligeukia na kulitekeleza kwa bidii. Mkumbuke huyu, atarudi.

Mapato ya ushuru wa majengo yalianguka kwa zaidi ya nusu. Kaunti, miji na shule zilizoishi kwa ushuru huo zikamkimbilia mkubwa, na Sacramento ikatumia zile fedha za ziada kuziokoa. Hapo ndipo kuna kejeli chungu. Watu walipiga kura kuiadhibu serikali iliyo mbali nao, na matokeo yake maamuzi ya pesa yakahama kutoka mjini kwao hadi huko huko mbali.

Usawa nao ukapinda. Nyumba mbili zinazofanana, ukuta kwa ukuta, zinaweza kulipa ushuru tofauti kabisa kwa sababu mmoja alinunua 1975 na mwingine juzi. Mwaka wa 2003 bilionea Warren Buffett alitoa mfano wake mwenyewe: nyumba yake ya Omaha, yenye thamani ya kama nusu milioni ya dola, ilitozwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, ilhali ile ya ufuoni California, yenye thamani ya dola milioni 4, ilitozwa chini ya 2,300. Alikuwa mshauri wa Arnold Schwarzenegger aliyekuwa akitafuta ugavana. Arnold alimjibu, kwa utani, kwamba akitaja tena Pendekezo la 13 atapigishwa zoezi la tumbo mara mia tano. Kila mtu akacheka, na mada ikaisha.

Kila mtu na kufuli yake

Baada ya 1978 watu walijifunza kwamba ukitaka kulinda kitu, usingoje bunge. Kipeleke kwenye kura ukakifungie huko.

Walimu na wazazi waliona shule zikikonda. Mwaka wa 1988 wakapitisha, kwa ushindi mwembamba sana, Pendekezo la 98, lililozihakikishia shule na vyuo vya jamii fungu ambalo kwa kawaida hufika kama asilimia 40 ya mfuko mkuu wa jimbo. Mwaka wa 1994, woga wa uhalifu ukiwa juu, wakaidhinisha sheria ya "makosa matatu," iliyomfanya mhalifu wa mara ya tatu afungwe miaka 25 hadi maisha. Magereza yakafurika, na magereza ni pesa.

Tazama picha inayojitokeza. Swali moja lilifunga mapato. Swali jingine likafunga fungu la shule. Jingine likaongeza wafungwa. Kila swali, likisimama peke yake, mtu mwenye akili timamu angeweza kulijibu ndiyo. Nani hataki bibi abaki kwake? Nani hataki watoto wasome? Lakini hakuna siku hata moja mpiga kura alipowekewa maswali yote kwenye meza moja aambiwe: hizi ndizo hela zilizopo, sasa panga.

Ni kama chama cha mtaa ambacho kila wiki mwanachama mmoja anakuja na hoja yake, inapitishwa kwa makofi, na hakuna anayefungua daftari. Kisha mwisho wa mwaka mweka hazina anasimama kusema hakuna kitu, na wote wanamtazama kama mwizi.

Oktoba 2003 mweka hazina wa wakati huo, Gavana Gray Davis, alifutwa kazi kwa kura, na moja ya mambo yaliyowachoma watu ilikuwa ada ya magari iliyopandishwa karibu mara tatu. Schwarzenegger akaingia, akaishusha siku ya kwanza, na jimbo likakosa kama dola bilioni 4 kila mwaka. Machi 2004 akawaomba wananchi ruhusa ya kukopa dola bilioni 15 kuziba pengo. Wakakubali. Walikuwa wamefundishwa kwamba bajeti inaweza kusawazishwa bila mtu yeyote kuumia. Aliyewafundisha ni nani, kama si viongozi wenyewe?

Maswali sita ya Mei

Halafu soko la nyumba likaanguka 2008. California ilitegemea sana ushuru wa mapato ya matajiri, na mapato ya matajiri yakiyumba, jimbo huanguka. Mwanzoni mwa 2009 pengo lilikuwa takriban dola bilioni 40.

Suluhisho lilipikwa chumbani na watu watano: gavana na viongozi wanne wa bunge. Theluthi mbili ilikuwa ngumu kufikiwa, ikabidi maseneta wakeshe bungeni wakitafuta kura moja ya mwisho. Ilitoka kwa seneta Abel Maldonado, aliyeitoa kwa masharti yake, likiwemo lile la kuwanyima wabunge nyongeza ya mshahara mwaka wa nakisi. Bajeti ikapita Februari 19, na sehemu yake ikasubiri idhini ya wananchi.

Ndiyo hayo maswali sita. La kwanza, 1A, lilihusu ukomo wa matumizi na akiba ya siku mbaya, na ndani yake kulikuwa na kuongeza muda wa ushuru mpya kwa hadi miaka miwili, jambo ambalo maelezo mafupi kwenye karatasi ya kura hayakulitaja. La 1B lilihusu kuzilipa shule mabilioni baadaye. La 1C lilikuwa kukopa dola bilioni 5 kwa dhamana ya mapato ya bahati nasibu ya miaka ijayo. La 1D lingechota pesa za watoto wadogo, na la 1E zingetoka kwenye afya ya akili, na mafungu hayo yote mawili yalikuwa yameundwa na wananchi hao hao kwa kura za awali. La 1F ndilo lile la mishahara ya wabunge.

Jiweke kwenye viatu vya yule mpiga kura. Umepoteza kazi, au nyumba yako inauzwa na benki. Unaitwa uidhinishe mapatano ambayo hukuwepo yakifanywa, yameandikwa kwa lugha ya mawakili, na ukisema hapana hakuna anayekueleza kwa uhakika ni nini kitakatwa. Wengi hawakujisumbua, waliojitokeza hawakufika theluthi ya waliojiandikisha. Kati ya waliofika, karibu theluthi mbili walikataa 1A, na karibu robo tatu wakakubali 1F. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu. Waliulizwa kuhusu bajeti, nao wakajibu kuhusu imani.

Lakini "hapana" haikuziba pengo, na hapa ndipo historia inaponisumbua. Julai zikaja zile hati za deni. Wafanyakazi wa jimbo wakalazimishwa kukaa nyumbani siku tatu kwa mwezi bila malipo. Bajeti mpya ikasainiwa mwishoni mwa Julai, imejaa makato ambayo hakuna aliyeyapigia kura. Novemba 2009, wasimamizi wa Chuo Kikuu cha California wakapandisha karo kwa asilimia 32, ikapita dola 10,000 kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wakaandamana Los Angeles. Berkeley wakajifungia ndani ya jumba la Wheeler.

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu salio la karo lilikuwa limenizidi kimo, kwa hivyo sehemu hii siisomi kama takwimu. Mwanafunzi anajua bajeti ya serikali kwa njia moja: jina lake linakosekana kwenye orodha ya wanaofanya mtihani. Uamuzi ulifanywa mbali, na watu asiowajua, miezi mingi kabla. Yeye anapata tu ujumbe.

Je, ukiwaonyesha daftari lote?

Kuna waliojaribu njia nyingine. Shirika la Next 10 lilitengeneza mchezo wa mtandaoni ambapo mtu yeyote angeweza kukaa kwenye kiti cha gavana na kusawazisha bajeti ya California: ukiongeza hapa, pengo linakua, ukikata pale, unaambiwa nani ataumia. Ulitumika hata madarasani.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Juni 2011 mjini Torrance. Wapiga kura 412, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka pembe zote za jimbo, walikaa pamoja wikendi nzima. Walipewa maelezo mapema, wakajadiliana katika vikundi vidogo, wakawahoji wataalamu wa pande zinazopingana, na maoni yao yakachukuliwa kabla na baada. Mbinu hiyo ni ya profesa James Fishkin wa Stanford. Walizungumzia ushuru, bunge, uhusiano wa jimbo na kaunti, na hata ule utaratibu wa 1911. Kuna watu waliobadilisha mawazo, kwa sababu mara hii mtu alikuwa na muda wa kuuliza "na ile nyingine itakuwaje?" Lakini walikuwa 412 katika jimbo la watu zaidi ya milioni 37. Baadhi ya mawazo yao yaliingia kwenye Pendekezo la 31 mwaka uliofuata, na wapiga kura, ambao hawakuwa Torrance, wakalitupa.

Kura hiyo hiyo ya Novemba 2012 ilikuwa na swali jingine. Jerry Brown alikuwa amerudi ugavana, sasa mzee wa miaka 74. Wananchi walikuwa wameshapitisha, 2010, kwamba bajeti ipite kwa wingi wa kawaida wa kura, ingawa ushuru ulibaki na theluthi mbili yake. Brown alipokosa kura za Republican, alikata matumizi kwanza, kisha akakusanya saini na kuleta Pendekezo la 30: mauzo yaongezewe robo senti kwa kila dola kwa miaka 4, na wenye mapato ya zaidi ya dola 250,000 waongezewe ushuru kwa miaka 7. Na bajeti iliyosainiwa mwezi Juni ilikuwa imeandika tayari kitakachotokea likikataliwa: makato ya takriban dola bilioni 6, mengi yakienda kwa shule, na vyuo vikuu pia. Katika vyuo vya California State, karo ya muhula ilikuwa imepanda dola 249. Pendekezo likipita, nyongeza hiyo ingefutwa.

Wapinzani walisema ni vitisho, kwamba Brown anawatumia watoto kama mateka. Hawakukosea kabisa, kwani ni yeye aliyechagua kipi kitakatwa. Ila kwa mara ya kwanza swali lilikuwa na pande zote mbili: nani atalipa, kiasi gani, kwa muda gani, na usipotaka, nini kitaondoka. Zaidi ya asilimia 55 walikubali. Wale wale waliosemwa hawajui hesabu, miaka mitatu na nusu tu baadaye. Na zile dola 249 zilirudi kwa wanafunzi.

Pendekezo la 13 lingali hai, lakini. Mwaka wa 2020 walijaribu kuliondolea kinga majengo makubwa ya biashara, likaponea kwa kura chache.

Na sisi?

Sijaandika haya ili kumwambia yeyote kwamba Juni 2024 tulikosea. Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya takriban shilingi bilioni 346, vijana wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za mama, wakautengenezea video. Tukasema hapana. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wiki zile. "Hapana" ile ililipiwa kwa damu na sitaipunguza thamani.

Ila tuangalie kilichofuata. Mswada ukaondolewa, na siku chache baadaye Rais akatangaza kukata matumizi ya shilingi bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Nani alichagua kitakachokatwa? Sio mimi, na sidhani ni wewe. Hapo tulikuwa California ya Julai 2009.

Katiba yetu, Kifungu cha 201, inasema wazi kwamba masuala ya fedha za umma yafanywe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 31, 2024, na suala la ushirikishwaji lilikuwa kati ya sababu. Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo Oktoba 29. Mabishano yalikuwa kama wananchi walisikizwa vya kutosha. Lakini Mswada wa Fedha ni nusu moja tu ya daftari. Huo ni wa kutafuta pesa, na tunaupata wakati pesa zimeshapangiwa kazi. Kwa sheria yetu, taarifa ya sera ya bajeti hufika bungeni kabla ya Februari 15. Ile ya kaunti hufika kwenye bunge lake kabla ya Februari 28. Makadirio ya matumizi hufika kabla ya Aprili 30. Juni, tunapoanza kuwasha simu na kupanga mabango, swali limeshaandikwa, na tulichobakiziwa ni ndiyo au hapana.

Wakalifornia walikuwa na haki ya kuulizwa kuliko karibu watu wote duniani, na bado walifika mahali pa kulipwa kwa karatasi. Kuulizwa peke yake hakutoshi. Anayeandika swali ndiye anayepanga bajeti, na Februari ndipo swali letu linapoandikwa. Mikutano ya kaunti ya mwezi huo huwa na viti vingi vitupu, soda za bure, na diwani anayetazama saa. Hakuna anayeirusha mubashara. Twende tukaombe daftari, lote, na ukurasa wa matumizi tuusome kwa ile hasira tuliyousomea Mswada.